Sufuria Haina Toleo la Pili

Msonyo ule ulikuwa mrefu hata paka aliyelala chini ya benchi akainua kichwa. Aliyesonya ni muuza kahawa wetu wa hapa Magomeni. Aliyesonywa ni mwalimu mstaafu, mtu na heshima zake, aliyewasomesha fizikia vijana wa mtaa huu mpaka wengine leo wana wajukuu. Mwalimu alikuwa ameilaza redio koli yake juu ya ubao wa drafti, kioo cheusi, haitoi hata mkwaruzo, akasema kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba: "Imezima. Jana usiku nimeisasisha."

"Ilikuwa mbovu?" akauliza muuza kahawa, birika hewani.

"Hapana. Ilikuwa inafanya kazi."

"Sasa mwalimu wangu, kitu kinafanya kazi, ulikigusia nini?"

Ndipo msonyo ukatoka.

Wageni wa kijiwe wanisamehe, niwaeleze kwanza. Mwalimu ni mtu wa redio za ridhaa. Sisi wengine ridhaa tulikuwa tunaijua ya ndondi tu, kumbe na redio ipo. Ni watu wenye leseni, na hapa kwetu anayetoa leseni ni TCRA. Wanaruhusiwa kurusha mawimbi bila kufanya biashara: kuzungumza na wenzao, kujaribu vifaa, kujifunza. Kila mmoja ana jina lake la hewani. La Mtanzania huanza na 5H, la Mkenya 5Z, la Mganda 5X. Jioni mwalimu hukaa barazani akiita kwenye masafa ya 145 MHz, na mara nyingi haitikiwi na mtu. Hachoki. Amefundisha darasa la watoto tisini, huyo, kutokuitikiwa hakumshtui.

Sasa hizo redio za siku hizi si kama ile ya babu yako iliyokaa kabatini na kitambaa cha kufuma juu. Ile, ukizungusha kitufe, umezungusha chuma kweli, na chuma kimegusa waya. Hizi, ukibonyeza kitufe, umepeleka ombi tu. Ombi linapokewa na kompyuta ndogo kama punje ya kunde, na ndani ya punje hiyo mna programu iliyowekwa kiwandani inayoamua ufanyiwe nini. Programu hiyo ndiyo fimwea. Ikiwa imeandikwa vibaya, redio itakosea kwa utiifu kabisa, kosa lilelile kila siku, bila kuona haya.

"Kama konda aliyefundishwa vituo kinyume," akasema kijana wa bodaboda. "Wewe unataka Mwembechai, yeye kila siku anakushusha Manzese, tena anakwambia karibu sana."

Hivyo hivyo.

Muuza kahawa hakuridhika. Aliligonga birika lake kwa kijiko. "Hili nimelinunua watoto wangu hawajaanza shule. Halijawahi kuniamsha usiku kuniambia kuna toleo jipya. Halijawahi kuniandikia kwamba tumerekebisha tatizo la mfuniko. Sufuria haina toleo la pili! Ikivuja, naipeleka kwa fundi bati, anaziba tundu, tunaendelea. Nyie mnauziwa vitu vibichi halafu mnavipikia nyumbani wenyewe."

Kijiwe kizima kikacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu mzee alikuwa na hoja. Lakini fundi simu, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, hakucheka. Huyu ameflashi simu nyingi kuliko vikombe ulivyokunywa wewe. Akasema taratibu: "Babu, sufuria yako haina akili ndani, ndiyo maana haikosei."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa redio koli yake mwenyewe, Quansheng UV-K5 kama ile ya mwalimu. Ni ya Kichina, ya wati 5, bei yake ya watu wa kawaida, na imepata jina duniani kwa sababu moja: ubongo wake unabadilishika kwa waya tu. Pembeni ina matundu mawili ya kuchomekea kipaza sauti, na humo humo ndimo unamopita waya wa kompyuta. Fundi akashikilia kitufe cha kuongelea, akaiwasha bila kukiachia. Kioo hakikuonyesha kitu. Tochi ya juu tu ndiyo ikawaka, pwaa.

"Mnaiona? Hapa haijafa. Imefumba macho, inasubiri kompyuta iiambie jambo."

Akatueleza kwamba kuna watu wa ridhaa waliichunguza redio hiyo mpaka wakaijua kuliko muuzaji wake. Wakaiandika fimwea upya tangu mstari wa kwanza, wakaitoa bure, na wengine wakaichukua na kuiongezea vyao. Nafasi yote ya kuhifadhi programu humo ndani ni KB 64, na KB 4 kati ya hizo zimeshikwa na mlango wa kuingizia fimwea, ule unaoamsha tochi. Zinabaki 60. Picha moja ya harusi iliyomo kwenye simu yako haiwezi kuingiza humo hata kona ya shela.

"Kwa hiyo," fundi akaendelea, "ukitaka kuongeza jambo, lazima utoe jambo. Ukitaka kile kipimo kinachokuchorea kwenye kioo mawimbi yote ya jirani, inabidi kitu kingine kipishe. Wengi huwa wanatoa redio ya FM."

Kimya kikashuka kijiweni.

"FM?" akauliza mcheza drafti, ambaye tangu aketi alikuwa hajasema neno. "Hii hii ya kusikilizia mpira?"

"Hiyo hiyo."

"Yaani mnatoa redio ndani ya redio?"

Huo ukawa msonyo wa pili, na safari hii tulisonya kwa pamoja kama kwaya.

Lakini fundi akatoa mfano mmoja ambao mimi ulinishika. Marubani huongea kwa AM, mtindo wa zamani wa kurusha sauti. Redio hii, kwa fimwea ya mwanzo, ilikuwa ikipokea AM kwa shida: ishara ikija na nguvu, sauti inapasuka kama spika ya gari la matangazo. Wale waandishi wa fimwea mbadala wakagundua kwamba kipokezi kinalewa kwa ishara kali. Wakaongeza kipande cha programu kinachopima ukali wa ishara na kupunguza upokeaji mapema, kabla sauti haijapasuka. Sauti ikanyooka. Hakuna skrubu iliyofunguliwa, hakuna chuma kilichobadilishwa, hakuna pasi ya kulehemu iliyopashwa moto. Redio ileile, sikio jipya.

Kijana wa bodaboda macho yakamtoka. "Kaka, niwekee hiyo. Halafu unifungulie masafa yote, niwe naongea popote."

Hapo mwalimu alisahau msiba wake, akarudi darasani. "Kijana, sikiliza. Kuanzia 118 hadi 137 MHz ni ya ndege. Ukibonyeza kitufe huko, utakuwa umemkatiza rubani anayetua na abiria wake. Nenda ukaeleze hayo mahakamani. Na hata kama hakuna ndege, hiyo redio ina vichujio vilivyopangwa kwa masafa yake. Ukiilazimisha irushe kwingine, itatema uchafu kwenye masafa ya watu wengine, na wewe utadhani unaongea vizuri. Fimwea kukuruhusu si ruhusa. Ruhusa inatoka kwenye leseni."

Kijana akainamisha kichwa. Muuza kahawa akamwongezea kikombe mwalimu bila kuombwa, somo lilimfurahisha.

"Lakini mwalimu," akauliza mcheza drafti, "hivi redio za zamani hazikuwa na maradhi haya?"

Mwalimu akatabasamu kwa mara ya kwanza jioni ile. Akasema zamani za zamani kasoro ya redio ilirekebishwa kwa pasi na risasi: mtengenezaji akigundua kosa anatoa waraka, kwamba kata waya huu, ongeza kipingamizi hapa, basi. Kisha kompyuta ndogo zikaanza kuingia, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Katika miaka ya 1980 Icom ya Japani ilitengeneza redio zilizopendwa sana, mfano IC-751 ya kurusha na kupokea, na IC-R71 ya kupokea tu. Zilikuwa redio nzuri hasa. Ila programu yake iliwekwa kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na kibetri kidogo cha lithiamu kilicholehemiwa ndani. Kibetri kinakaa miaka na miaka. Siku kikifa, programu yote inayeyuka.

"Ikiyeyuka?"

"Redio inasahau kwamba yenyewe ni redio."

Basi ukiwa nayo, lazima ukumbuke kubadilisha kibetri kabla hakijaisha, tena kwa ujanja, umeme usikatike hata kidogo wakati unakibadilisha. Ukichelewa, kadi yake lazima ijazwe programu upya na mwenye uwezo huo. Baadaye watu wakaibuka na kadi mbadala zenye kumbukumbu ya kudumu, zisizohitaji kibetri, na redio hizo bado zinaongea mpaka leo mikononi mwa waliowahi.

"Leo?" mwalimu akaendelea, kahawa imeshamchangamsha. "Ile IC-7300 ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka 2016, ya wati 100, unachukua kadi ya kumbukumbu kama ya simu, unaweka faili, unaichomeka mbele, unaingia kwenye menyu, unathibitisha, unakaa kando. Kioo kinakuonya usizime. Humalizi hata kikombe, imeshajiwasha ikiwa na toleo jipya."

"Na kuna kadogo kengine," akasema, akionyesha kiganja, "kanaitwa QMX. Kanatoka QRP Labs, kakampuni kadogo ka Mwingereza mmoja, Hans Summers. Wati 5. Kalipoanza kuuzwa mwaka 2023 kalikuwa ka Morse na ishara za kompyuta. Kuongea hakakuweza. Wanunuzi waliambiwa sauti itakuja. Na ikaja kweli, imo ndani ya faili! Mtu alinunua redio bubu, akachomeka waya wa USB, redio ikajitokeza kwenye kompyuta kama flashi ya kawaida, akaburuta faili akalitia humo, redio ikajiwasha yenyewe. Akaunga maikrofoni, akaanza kuongea."

"Kwa kuongeza shilingi ngapi?"

"Hata senti."

Muuza kahawa akalitazama birika lake kwa jicho jipya kidogo, la mtu anayeshuku amepunjwa. Lakini mcheza drafti alikwishapata pa kubana, na huyu akipata kete haachii. "Mwalimu, samahani. Mtu akiniuzia nyumba, akaniambia paa litakuja, si mvua itaninyeshea mimi? Hao wanaouza kwanza na kurekebisha baadaye, kwa nini nisiwaite matapeli wa kistaarabu?"

Hapo ndipo na mimi nikaingia, maana hoja hii imenikaa kooni siku nyingi, na si kwa redio tu. Ni simu, ni televisheni, ni king'amuzi, ni mashine ya risiti ya dukani. Kila kitu sasa kinanunuliwa kikiwa nusu, na mnunuzi anafanywa mkaguzi asiyelipwa. Wewe ndiye unayegundua kwamba kitufe hiki kikibonyezwa pamoja na kile kifaa kinaganda. Wewe ndiye unayeripoti. Kisha unaletewa kiraka, unashukuru, na kiraka chenyewe kimekuja na tundu lake jipya. Ukilalamika unaambiwa subiri toleo lijalo. Hayo yote ni kweli na yanastahili msonyo.

Ila mimi nimejifunza kupima mtengenezaji kwa karatasi anayoambatanisha na kiraka. Wapo wanaoandika mstari mmoja: "Maboresho ya utendaji." Basi. Nini kiliboreshwa? Kilikuwa kibovu tangu lini? Mimi niliyekuwa nakitumia nilidhurika vipi? Hakuna jibu. Huyo ni sawa na daktari anayekupa vidonge kwenye karatasi ya gazeti, hakwambii ugonjwa, hakwambii dawa, anakwambia meza tu utajisikia vizuri. Akili yangu haimpokei.

Na wapo wanaoandika kosa kwa jina lake. Tuseme: ukituma Morse huku unazungusha kitufe cha sauti, herufi ya kwanza ilikuwa inakatika; chanzo chake ni hiki; tumerekebisha hivi; na kuna jingine tunalijua, hilo bado. Wale wa QRP Labs, kwa mfano, kila toleo la QMX huambatana na maelezo marefu ya yaliyokuwa yakikosea na yaliyoongezwa. Ukiyasoma haraka utadhani ni redio yenye balaa, mbona makosa mengi hivi? Ukituliza akili utaona ni kinyume chake. Makosa hayo yangekuwepo hata asingeyaandika. Tofauti ni kwamba huyu ameyahesabu mbele yako.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema muuza kahawa, akaitikiwa na benchi zima.

Umesema, babu. Mimi fundi nguo wangu ananiambia, "Bwana, mkono wa kushoto nimeukata mfupi, niachie mpaka kesho." Ninamsonya pale pale, lakini kitambaa kingine nitampelekea yeye yule yule. Siwezi kumpelekea yule aliyenikabidhi suruali yenye mguu mmoja mrefu huku ananisifia kwamba imenikaa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mcheza drafti ni hili: anayekuuzia nyumba bila paa na kukwambia paa lipo ni tapeli. Anayekuuzia bila paa, akakwambia hakuna paa, akakupunguzia bei, kisha akaja na mabati kama alivyoahidi, huyo mimi nampa mkono. Kazi yako mnunuzi ni kuuliza mapema umesimama mbele ya yupi.

Wakati sisi tunahukumu, fundi simu alikuwa ameshavuka barabara na kurudi na kompyuta yake ya mapajani na waya. Akamuuliza mwalimu kilichotokea. Mwalimu akajieleza kama mwanafunzi: alianza kusasisha saa tatu usiku, kompyuta yake ni ya mezani, betri haina, na katikati ya kazi umeme ukakatika. Redio ikabaki na nusu ya programu mpya na nusu ya hewa.

Fundi akashikilia kitufe, akawasha. Tukainama wote. Tochi ikawaka.

"Bado ipo hai, mwalimu. Ule mlango wa kuingizia hauguswi mnaposasisha. Ndiyo maana ukikatikiwa katikati unaanza upya tu."

Akabofya, mstari ukaanza kutambaa kwenye kompyuta, asilimia kumi, thelathini, sabini. Hakuna aliyegusa kahawa yake. Mia. Redio ikalia pii, kioo kikawaka, na benchi likapiga makofi utadhani tumefunga bao dakika ya mwisho. Mwalimu akaikumbatia.

Fundi bado alikuwa ameukunja uso. "Mwalimu, mbona inaandika betri imejaa, nami naiona imelegea? Vile vipimo vya kiwandani, nakala yake unayo?"

Kumbe hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Redio hizi zikitengenezwa, kila moja hupimwa peke yake: betri yake inasomwaje, nguvu ya kurusha iwekwe wapi, ukali wa ishara uhesabiwe vipi. Vipimo hivyo huandikwa kwenye kumbukumbu ya redio hiyo, na ni vyake mwenyewe. Mwalimu, Jumamosi iliyopita, alitaka chaneli za rafiki yake. Badala ya kunakili chaneli peke yake, akaimimina kumbukumbu nzima ya redio ya mwenzake ndani ya redio yake. Chaneli zikaja, na vipimo vya mwenzake vikaja navyo. Nakala ya vya kwake hakuwahi kuichukua.

"Umevaa miwani ya mtu mwingine," fundi akamwambia. "Unaona, lakini siyo macho yako."

Huo ukawa msonyo wa tatu, na mwalimu alijisonya mwenyewe. Safari hii hapakuwa na kampuni ya kulaumu, wala mtengenezaji, wala umeme. Kosa la fimwea fundi aliliponya kwa muda wa kikombe kimoja. Kosa la mwenye redio halina faili la kupakua.

Basi msomaji, kama una redio ya namna hii, au kifaa chochote kinachokuuliza kama uko tayari kusasisha, sikiliza ya kijiweni. Siku unayoinunua, kabla hujaifanyia lolote, chukua nakala ya vilivyomo uiweke mahali pawili. Soma karatasi ya toleo jipya; kama kasoro wanayoitaja haikuhusu na wewe kesho una kazi na redio yako, iache hadi kesho kutwa. Matoleo ya majaribio waachie wenye redio mbili. Na kazi hiyo ifanyie kwenye kompyuta yenye betri yake, si ile inayotegemea ukuta.

Redio ya mwalimu inaongea tena. Kila jioni inaandika betri imejaa, na kila jioni, yapata saa mbili, inamkata katikati ya sentensi.